Chokaa Haingoji Mwezi

Desemba ya mwaka 2024, masomo yalipofungwa, mpwa wangu, binti wa dada yangu, alirejea Lamu kutoka Nairobi anakosomea. Katika mzigo wake mlikuwa na jarida moja la mapambo ya nyumba lililochapishwa Ulaya. Akalifungua mbele yangu penye picha nne za chumba kimoja. Katika picha ya kwanza chumba kilikuwa na maua machanga na mapazia mepesi. Katika ya pili madirisha yalikuwa wazi na matunda yamejaa mezani. Katika ya tatu palikuwa na maboga na majani makavu yenye rangi ya kutu, na katika ya nne mablanketi ya sufu, mishumaa na tawi la msonobari.

"Mjomba," akasema, "wenzetu wana misimu minne, na kila msimu nyumba huvaa nguo yake. Sisi huku ni joto mwaka mzima. Twapamba nini?"

Ningeweza kumjibu kwa haraka, maana mtu wa makamo yangu aliyekwisha kuandika mashairi mawili matatu juu ya kaskazi na kusi hakosi la kusema. Lakini tulikuwa tumekaa katika chumba cha ndani cha nyumba ya marehemu mama yangu, Mola amrehemu, na ukuta uliokuwa mbele yetu niliuharibu mimi. Kwa hiyo nilinyamaza kwanza.

Maneno ya kwamba kwetu ni joto mwaka mzima husemwa na wengi, na hata sisi wenyewe tumeanza kuyaamini. Mtu aliyelala Lamu usiku wa Februari, akalala tena usiku wa Julai, hawezi kuyasema. Mwaka wetu una pepo mbili kubwa. Kaskazi huingia mnamo Novemba au Desemba na kudumu hadi Machi. Kusi huingia Aprili ikaendelea mpaka Oktoba. Baina yao pepo hubabaika, mara matlai kutoka mashariki, mara umande wa bara alfajiri, na siku nyingine hapana hata upepo wa kuzima kibatari. Masika hunyesha kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, kisha huja baridi ya kipupwe, na vuli hunyesha kaskazi inapobisha hodi. Wazee wetu walikuwa na hesabu nyingine tena, ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo wengine huiita Nairuzi kwa jina la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Kwa miongo hiyo mkulima alijua siku ya kupanda na nahodha alijua bahari hufungwa lini. Juu ya yale yaliyokuwa yakifanywa siku hiyo, kuoga pwani na kuzungusha ng'ombe mjini, wanavyuoni wana maneno yao, nami sifungui mlango huo leo. Ninachotaka kusema ni kwamba nyumba nayo ilikuwa ikihesabu.

Mama hakuwa na jarida la mapambo. Alikuwa na pua, na alikuwa na mlango. Mlango wetu wa mbele ni wa nakshi, mzito, na mbao zake hunywa maji ya hewa. Tangu Mei ulikuwa ukigoma, mpaka tuusukume kwa bega. Ikifika siku moja ya Disemba ambapo ulifungika kwa kidole, mama husema, "Kaskazi imeingia ndani sasa," na siku ya pili yake nyumba hugeuzwa.

Mazulia yalitangulia. Yalipandishwa darini, yakaanikwa, yakapigwa kwa fimbo hadi vumbi likaisha, yakakunjwa. Sakafu ya chokaa ikabaki tupu na baridi, ikatandikwa mikeka myembamba ya ukindu. Mapazia mazito ya milango yakateremshwa, yakatundikwa ya melimeli ambayo huinuka upepo ukipita na kuushusha polepole. Vitanda vya kamba vilichukuliwa juu, kwani miezi ile hatukulala chini hata siku moja. Nyumba nyingi za kale za mji wetu zimeelekezwa kaskazini, ambako ndiko kwenye kibla, na upepo wa kaskazi huingia kiwandani kama mgeni aliyealikwa. Kazi ya mapambo miezi hiyo ilikuwa kutoa vitu. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alishangaa kidogo, kwa sababu katika jarida lake kila msimu ulikuwa ni wa kuongeza kitu.

Masika yakikaribia, mambo hugeuka. Mikeka ya ukindu hukunjwa na kutundikwa kwenye boriti, maana ikiguswa na unyevu huota kuvu kwa siku tatu, na rangi zake huchujuka. Chini hutandikwa majamvi ya miyaa, mazito, yasiyojali. Misahafu na vitabu vilitolewa katika zidaka za chini, vikatiwa sandukuni pamoja na kafuri. Jioni chetezo kilipitishwa chumba hata chumba, ubani kwanza, udi baadaye kama upo, si kwa fahari bali kwa sababu nyumba ya mawe wakati wa mvua hunuka kama kisima. Mimi hata leo nikinusa ubani na maji ya mvua kwa pamoja, naona mguu wa mama ukipita kizingitini.

Kipupwe ndicho kilichokuwa na mazulia. Juni ikifika, mvua zikipungua na kusi ikivuma baridi, yale mazulia yaliyokunjwa tangu Disemba hufunguliwa na kutandazwa chumba cha ndani, na chumba kikawa chekundu kote. Tulikuwa watoto wa mguu peku. Siku ya kwanza ya mazulia tulikuwa tukitembea juu yake kwa adabu kama tumo msikitini. Hiyo ilikuwa ndiyo picha yetu ya nne, bila msonobari.

Basi ilikuwa saa ya pepo, na nyumba ilikuwa na saa ya pili, ya mwezi. Shaabani kuta hupakwa chokaa na mitungi hubadilishwa kabla ya kuvunja jungu. Ramadhani hutandikwa jamvi jipya darini au kiwandani kwa futari, na kila mtu hupewa msala wake. Usiku wa Idi sahani za zidaka huteremshwa moja moja, zikaoshwa na kurudishwa kwa mpango ule ule, na mirashi hujazwa. Mfungo Sita huja Maulidi, na mji wetu hujaa wageni kutoka kila bandari, kila nyumba ikatafuta mikeka ya kuazima. Mapambo haya hayakuuliza upepo uko wapi. Yaliuliza mwezi umeandama au haujaandama.

Saa hizi mbili hazipatani, na hilo picha za jarida halilijui. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikapita katika masika, katika kaskazi, katika vuli, katika kipupwe, na baada ya miaka kama 33 ikarejea pale pale ilipoanzia. Mtu akijaliwa umri hufunga mvuani na akafunga juani. Mwenye nyumba naye hupata Shaabani ya kila hali ya hewa, na chokaa si kitu cha kila hali ya hewa.

Chokaa yetu ni matumbawe yaliyochomwa. Jiwe la bahari hupangwa na kuni katika tanuu, likachomwa, likamwagiwa maji mpaka likawa unga, nao hulowekwa muda mrefu; kadiri ikaavyo ndivyo iwavyo laini. Ikipakwa ukutani haikauki kama maji yakaukavyo. Huvuta hewa, na kwa kuvuta hewa hurudi polepole kuwa jiwe lile lile ilivyokuwa kabla ya moto. Ukiipaka wakati wa mvua hulia machozi ukutani na kuacha michirizi. Ukiipaka saa saba za mchana jua likiwa kali, hukauka mbio na siku ya pili hupukutika mkononi. Inataka siku kavu, na ndani ya siku hiyo inataka asubuhi au alasiri. Nimeshuhudia watu wakichagua siku ya arusi kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nimeshahitimu chuoni, najiona mjuzi. Mwaka huo Ramadhani iliangukia Mei, na Shaabani yake ilikuwa Aprili, katikati ya masika. Mama alipiga hesabu akapaka nyumba nzima Februari, nasi tumo Mfungo Tisa. Majirani walicheka wakamwuliza kama ameposwa. Akawajibu, "Chokaa haingoji mwezi." Kisha akatupa sisi sharti ambalo hadi leo dada yangu akilikumbuka hukasirika: kwa miezi minne, mpaka Idi, asiegemee mtu ukuta. Tulikula tumekaa wima, tukasoma tumekaa wima. Mjomba wetu mmoja aliyezoea kuegemeza kichwa chake chenye mafuta ya nazi alipangiwa nguzo yake kiwandani. Idi ilipofika mwezi wa Juni, nyumba za wenzetu zilikuwa na michirizi, na yetu ilikuwa nyeupe kama yai.

Halafu miaka ikazunguka. Tangu mwishoni mwa miaka ya themanini hadi kama 1996, Shaabani iliangukia katika kaskazi, na mwezi ukapatana na chokaa. Mama alikuwa na nguvu zake miaka hiyo. Nakumbuka hasa 1990, Ramadhani ilipoanza mwisho wa Machi: mji mzima ulipaka kwa wiki moja, mitaa ikawa na harufu ya chokaa mbichi, na mafundi walikuwa wakigombewa. Nilidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote. Kijana huona mzunguko wa miaka saba au minane akadhani ndio desturi.

Sasa niseme la ukuta. Mwaka 2008 Ramadhani ilianza mwanzo wa Septemba. Ndugu yetu mdogo wa kike alikuwa ameposwa, na wakwe walitazamiwa kuja kufuturu kwetu. Kusi ilikuwa bado ina manyunyu. Mimi nilikuwa na kazi Mombasa na fedha kidogo mkononi, na nilikuwa na ule ugonjwa wa watoto wa kiume wa kutaka mama aonekane ana watoto. Nilitaka chumba cha ndani king'are. Mama akasema, "Ngoja kaskazi, mwanangu." Nikamwambia wakwe hawataingoja kaskazi. Nikaleta fundi, ambaye jina lake ni stara. Akaugonga ukuta kwa ncha ya mwiko, akasema chokaa ni kazi ya zamani, haina maisha; tupige lipu ya simiti tumalize, hutarudia tena. Tukapiga. Kuta tatu zikapigwa saruji, zidaka zilizokuwa zimepasuka zikazibwa kwa saruji, na juu yake ikapita rangi ya mafuta, ya samawati. Kwa siku nne kazi ilikwisha. Wakwe walikuja, wakasifu. Nami nilisimama pale na kupokea sifa.

Chumba cha ndani, kwa msomaji asiyezifahamu nyumba hizi, ndicho moyo wa nyumba. Ni chembamba, kwani boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vyetu vyote ni virefu kwa vyembamba. Ukutani zimo zidaka, vijumba vidogo vya lipu ya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu na kuchorwa nakshi, na ndani yake hukaa sahani, mabakuli, mrashi, msahafu. Humo bibi arusi huonyeshwa, humo mtoto huzaliwa, na humo maiti huoshwa. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, vyote vyenye vitundu vitundu. Unyevu wa ardhi huupanda ukuta huo, nao huutoa nje kwa hewa. Kila mwaka hutoa, na kila baada ya muda chokaa ya juu huchakaa, ikapakwa tena. Kuchakaa kwake ndiyo kazi yake. Saruji haipitishi, na rangi ya mafuta haipitishi zaidi. Maji hubaki ndani, na chumvi iliyomo ndani yake husukuma.

Masika ya 2010 rangi ilitoa malengelenge. Nilidhani ni ubaya wa rangi nikataka kuileta nyingine. Mwaka 2011, usiku wa mvua, safu nzima ya zidaka ilibanduka kwa kipande kimoja pamoja na saruji yake. Sahani tatu zilivunjika, na bakuli moja la rangi ya buluu na nyeupe lililokuwa la nyanya wa mama yangu. Nilipigiwa simu Mombasa, nikaja kwa basi la usiku. Nilimkuta mama amekusanya vigae katika lesso na amekifunga kifundo. Sikujua niseme nini nikaanza kumlaumu fundi. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Ukuta ulikuwa ukipumua, mwanangu. Umeuziba pua." Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki mwaka 2014, na mimi sikuwahi kumwomba radhi kwa maneno yaliyo wazi. Niliwahi kununua bakuli jingine. Alilipokea akalitia jikoni.

Yaliyonipata mimi yamewapata wengi. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001, na kila anayejua kazi ya nyumba hizi atakwambia usitie saruji juu ya matumbawe. Lakini ni haki kusema na upande wa pili. Saruji huuzwa mfukoni, dukani, siku yoyote. Chokaa yataka tanuu, na tanuu lataka kuni, na mafundi waijuao vizuri sasa wanahesabika. Mjane mwenye paa linalovuja hana nafasi ya kungoja Januari. Simcheki aliyepiga saruji kwa shida. Mimi niliipiga kwa haraka na kwa kutaka sifa, na mama yangu alikuwa amekwisha kuniambia.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote jioni ile, na kwa mara ya kwanza nikayasimulia bila kumtaja fundi. Yeye akahesabu kwa vidole, kisha akachukua simu yake akahesabu kwa simu. "Kumbe Shaabani hii iko Februari," akasema. "Ni kaskazi." Mimi mwenye mashairi sikuwa nimeliona. Mzunguko umerejea, mwezi na chokaa vimekutana tena, kama vilivyokutana nilipokuwa na miaka ishirini, na vitakwenda pamoja mpaka karibu na 2030, mwaka ambao kwa hesabu ya kalenda Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Disemba, Mungu akituweka. Baada ya hapo Shaabani itaingia kwenye mvua za vuli, na mkutano mwingine wa namna hii mimi siutarajii.

Dada yangu ndiye aliyetoa amri. Januari ya 2025 tulianza kukwangua. Tulimpata fundi mzee, mtu wa maneno machache, aliyeiangalia kazi yangu ya 2008 kama mganga anavyoangalia jeraha lililotiwa kinyesi cha ng'ombe. Saruji ilitoka kwa tindo, kidogo kidogo, na kila kipande kilichotoka kilikuwa na maji nyuma yake, baada ya miaka kumi na sita. Vumbi lilituingia hata kwenye uji. Kwa wiki tatu mpwa wangu alichelewa kurudi Nairobi kwa visingizio ambavyo mama yake alijifanya kuviamini.

Siku moja katikati ya kazi hiyo lilifika sanduku alilokuwa ameagiza: taa ndogo za Ramadhani, mwezi na nyota za plastiki, na fanusi tatu za kutundika. Imekuwa mtindo sasa, na katika baraza nyingi za wazee huwasikii ila wakinung'unika kwamba ni mambo ya kigeni. Mimi nami nilikuwa na la kusema. Nimeona mwenyewe katika hoteli za Mombasa pamba imetandazwa madirishani mwezi wa Disemba eti ni theluji, na kijana aliyeitandaza anafuta jasho kwa ile ile pamba, na nilidhani hili ni jamaa yake. Nikamwambia kwamba mapambo haya yametoka Uchina.

Akaniuliza, "Na lile bakuli la nyanya wa bibi lilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa kwa bakuli za Kichina karne nyingi kabla yangu. Zulia letu jekundu lilitoka Uajemi kwa majahazi ya kaskazi, siku ambazo majahazi hayo yalikuja na tende na mazulia yakarudi na boriti zetu. Biashara hiyo nimeikuta ikikata roho, na mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Fanusi zenyewe za Ramadhani asili yao ni Misri, na neno fanusi tunalo katika lugha yetu. Mwenye kuitazama nyumba ya Mswahili na kuanza kutoa kila kilichokuja kwa bahari atabakiwa na jamvi na mtungi.

Kwa hiyo nilibadili maneno yangu, na haya ninayoyasema sasa nayasema kwa moyo. Taa zile hazina neno. Neno langu ni kwamba hutundikwa siku yoyote, hazina haja ya kuuliza hewa ikoje, na mtu akizoea mapambo ya namna hiyo tu husahau kuwa kuna kitu cha kuuliza. Tumeweka feni, tumefunga madirisha ya vioo, mazulia ya plastiki hukaa sakafuni mwaka mzima na kuvu yao chini, na nyumba haituambii tena kuwa kaskazi imeingia. Mpwa wangu alisikiliza, kisha akasema hiyo ni hoja juu ya feni, si juu ya taa. Amesoma huyo.

Ramadhani iliingia mwanzo wa Machi. Kuta mbili za chumba cha ndani zilikuwa zimepata mikono mitatu ya chokaa, na zidaka zilizobaki zimetengenezwa kwa chokaa, si kwa kitu kingine. Ukuta wa tatu, ule wa chini ya choo cha zamani, fundi aliukatalia. Aliuwekea kiganja kila asubuhi kwa siku kumi, akatikisa kichwa. Tulimwambia Idi inakuja. Akatuambia ukuta hauna habari ya Idi. Unywe upepo mwaka mzima, naye atarudi kaskazi nyingine. Dada yangu alinitazama wakati ule, nami nikatazama sakafu.

Idi ya mwisho wa Machi tuliipokea na chumba chenye kuta mbili nyeupe na moja tupu, mawe ya matumbawe wazi, na kombe ndogo ndogo za pwani zikionekana kwenye udongo. Asubuhi dada yangu alitoa sahani, akaziosha, akazirudisha katika zidaka. Ile lesso yenye vigae aliitia katika kidaka cha katikati kama ilivyo, na kifundo chake. Mpwa wangu alitaka kutundika fanusi zake na mama yake akamkataza kutia msumari kwenye chokaa mpya. Akazitundika kwenye ukuta mtupu, akipachika vijiti baina ya mawe. Wageni waliokuja kutoa mkono wa Idi walisimama hapo zaidi kuliko penye kuta nyeupe, na mzee mmoja, rafiki ya marehemu baba, aliushika ukuta, akanusa kidole chake, akasema, "Huu bado una masika ndani."

Tangu siku hiyo kila niendapo Lamu huingia chumba cha ndani kabla ya kuvua viatu vizuri, nikauwekea kiganja. Umepungua baridi yake. Mlango wa mbele, mara ya mwisho nilipousukuma, bado ulitaka bega.